Nilipiga Kelele Chini ya Rweya

Bwana asifiwe!

Asanteni. Mmeitika kwa nguvu mpaka nimeshtuka. Mimi naitwa Kokushubila, nyumbani wananiita Koku, nasoma kidato cha tatu hapa hapa Nshamba. Wengi wenu mnaijua sura yangu tu, sauti hamjawahi kuisikia. Mwalimu wa kwaya alishawahi kusema naimba kama samaki, mdomo unafunguka lakini hakitoki kitu. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, halafu nilipofika nyumbani nikaandika kwenye daftari langu kwamba sitaimba tena. Mnisamehe, leo nasoma kwenye karatasi. Kuongea bila karatasi bado sijaweza. Bwana ananitengeneza taratibu.

Ndugu zangu, nimewasikia wengi wakisimama hapa, na ushuhuda wao unaisha vizuri. Machozi yamekauka, adui amekuwa rafiki, vigelegele. Mimi nina uchungu. Nilimuuliza Mchungaji kama mtu anaweza kushuhudia akiwa na uchungu. Akasema, "Mungu hajawahi kumfukuza mtu kwa sababu amekuja na uchungu. Njoo nao." Basi nimekuja nao.

Nianze na maisha ya zamani. Kwetu mtoto wa kike asiyesikika anasifiwa. Tata, baba yangu, alipenda kuwaambia wageni, "Huyu Koku wangu hata akiwa chumba cha pili hujui kama yupo." Wageni wanasema mwana mwema huyo, wanatafuna kahawa, na mimi napita nimeinama na kikapu cha kahawa mkononi. Nilidhani ni sifa. Shuleni majibu nilikuwa nayajua, lakini kunyoosha kidole sikuweza, niliyaandika kwa kalamu kwenye kiganja, mwingine akijibu nayafuta kwa mate. Siku niliyoumwa tumbo darasani, nilikaa nalo mpaka kengele, kwa sababu kuomba ruhusa kungefanya watu wageuke.

Halafu nilikuwa na rafiki yangu Asimwe. Kibanja chao na chetu vinapakana, migomba yao inaangukia upande wetu. Asimwe ana sauti ya watu watatu. Yeye ndiye aliyekuwa akinisemea. "Koku anasema amekosa sukari." "Koku anasema hajaelewa swali." Mara nyingine mimi nilikuwa sijasema chochote, wala sijafikiri hicho kitu, lakini akishasema Asimwe basi inakuwa ndicho ninachotaka. Nilimpenda sana. Nisiwadanganye, nilimpenda kuliko mtu yeyote nje ya nyumba yetu.

Asimwe ndiye aliyeanzisha timu. Ninaposema timu, wazee wangu, si ya mpira. Ni mchezo wa kwenye simu, mnacheza wanne dhidi ya wanne, kila mtu na simu yake, mnatafutana kwenye majengo na vichaka na kupigana risasi za uongo. Asimwe alikuwa kapteni. Wengine walikuwa Deo na mdogo wake Fideli, na mimi. Tulifanyia mazoezi kwenye kibanda cha mjomba wa akina Deo, anapochajisha simu za watu. Najua wapo humu wanaosikia neno gemu wakamwona shetani. Mimi sisemi hivyo. Shetani hakuwa ndani ya simu. Nilikuwa na furaha pale. Ilikuwa sehemu pekee duniani ambapo ukimya wangu ulikuwa na kazi.

Nitawaeleza, maana bila hili hamtaelewa yaliyofuata. Timu inayoongea ovyo inashindwa. Mnavaa visikizi, kila mmoja ana maiki, na wanne wakipiga kelele pamoja hakuna anayesikia nyayo za adui. Kwa hiyo Asimwe aliweka sheria: anayeongea ni kapteni. Wengine tunafunga maiki, tunafungua tu tukimwona adui. Ukikaa kimya, maana yake mambo yako ni mazuri. Kimya ni salama. Tuliisema kila siku kabla ya kuanza, kama sala.

Sheria ya pili ilikuwa chambo. Mmoja anatangulia peke yake kwenye jengo, maadui wanamfyatulia risasi, na wakifyatua wanajionyesha walipo. Hapo wenzake wanawamaliza. Chambo mara nyingi anakufa. Chambo wetu nilikuwa mimi. Na ya tatu ilikuwa neno moja tu, "Achia!" Mwenzenu akianguka, mnaweza kumrudia mumwinue, lakini mkirudi mnapoteza muda na pengine mnakufa wote. Kapteni akiona hesabu haikubali anasema, "Achia!" na mnasonga mbele. Asimwe alikuwa na kipaji cha kusema Achia kwa wakati wake. Tulishinda sana kwa neno hilo. Mimi nilikuwa nimelala chini kwenye kioo cha simu, naangalia migongo yao ikienda, na nilifurahi, kwa sababu tulishinda!

Ikatangazwa kwamba kutakuwa na mashindano Bukoba mjini, timu za mkoa mzima. Sisi tulikuwa na udhaifu mmoja. Kuna uwanja ndani ya gemu ambao ni mapango. Giza, huoni kitu, unategemea masikio. Pale tulikuwa tunapigwa kila mara. Fideli alikuwa akilia.

Asimwe akasema, "Mapango si tunayo?"

Ni kweli. Kule kwenye miamba, chini ya rweya, kuna pango. Walioolewa huku kutoka mbali niwaeleze: rweya ni ile mbuga ya wazi juu ya vibanja, mama zetu wanakokata nyasi za kufunika migomba na za kutandika ndani. Juu ni nyasi, chini ni mwamba, na ndani ya mwamba kuna uwazi. Bibi alisema zamani watu walijificha humo vita vikija. Alisema pia tusiingie, na sababu hakutoa, kwa hiyo tukaingia.

Deo na Fideli waliingia mara moja tu, popo wakawafanya wakimbie. Tukabaki mimi na Asimwe. Kila Jumamosi tukimaliza kuanika kahawa tunakwenda. Mlango ni mwembamba, unaingia kwa ubavu, halafu panapanuka pakubwa kama humu kanisani. Maji yanadondoka mahali usipopaona. Juu kabisa kuna ufa mrefu, mwanga unaingia mwembamba kama uzi, na mizizi ya nyasi inaning'inia. Tulizima simu, mmoja anatembea, mwingine anafumba macho na kuonyesha kwa kidole sauti ya nyayo inatoka wapi. Nilijifunza kujua kisigino na vidole. Nilijifunza kujua kama mtu ametembea, amesimama, au amegeuka. Nilikuwa bora kumshinda Asimwe, na alikiri, "Wewe una masikio ya popo, kaisiki wewe, msichana wewe!" Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu.

Siku moja tumekaa ndani tunakula ndizi mbivu, Asimwe akatoa mfukoni tunda la kahawa, ile iliyochemshwa na kukaushwa, ya kutafuna. Akalipasua kwa meno. Mnajua ndani ya tunda moja kuna punje mbili, zimelala kifua kwa kifua. Bibi alishatusimulia kwamba zamani wanaume wawili wakitaka kuwa ndugu waligawana punje hizo, kila mmoja anapaka damu yake, mwenzake anameza. Asimwe akasema, "Damu hapana, mimi wembe naogopa." Akanipa moja, akala moja.

"Mbwenu, sasa wewe ni ndugu yangu," akasema. "Ukinitupa, tumbo lako litavimba."

Nikamuuliza, "Na wewe?"

"Na langu pia, waitu! Sheria ni moja."

Ndugu zangu, tumbo la Asimwe halijavimba. Nimeliangalia.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi. Gari la kwenda Bukoba lilikuwa linaondoka asubuhi. Nyumbani nilikuwa nimeshaaga, Mae, mama yangu, alijua naenda na wenzangu na nitarudi jioni. Nimevaa fulana ya timu. Asimwe akasema twende kwanza pangoni, mara moja tu, tuzoeshe masikio, Deo atatusubiri barabarani. Mimi nilitikisa kichwa kukataa.

Asimwe akamwambia Deo, "Koku anasema twende."

Tukaenda.

Ndani akataka tufanye kama kwenye gemu kabisa. Mimi chambo, natangulia, simu imezimwa, kimya ni salama. Nikaingia njia ya kushoto, ile inayoteremka, ambayo hatukuwahi kuimaliza. Nilikuwa nahesabu mwangwi, niko makini, najiona mchezaji kweli. Halafu ardhi ikaisha.

Sijui nilianguka kiasi gani. Nilijua nimefika chini kwa sababu mguu wa kulia ulisikika. Nasema ulisikika, maana niliusikia kabla sijauhisi. Simu ilikwenda zake. Pumzi zote zilitoka, nikawa nafungua mdomo kama yule samaki wa mwalimu wa kwaya, hakitoki kitu.

"Koku?" Asimwe aliita kutoka juu. "Uko salama?"

Sikuweza kujibu. Ile haikuwa aibu, ni pumzi hazikuwepo.

Nje Deo, aliyetufuata kutoka barabarani, alipiga mluzi, akaita, "Nyie! Gari linapiga honi!"

Asimwe akaanza kuondoka. Hapo pumzi ikarudi, nikasema, "Asimwe." Ilikuwa sauti yangu ndogo, ile mnayoijua, yaani msiyoijua. Lakini pango linabeba sauti, nanyi mkitaka kuhakikisha nendeni mkajaribu. Nikasema tena, "Asimwe, nimeanguka."

Nyayo zake zikasimama.

Ndugu zangu, hapa ndipo uchungu wangu ulipo, kwa hiyo naomba mnisikilize. Mimi nilifundishwa kusikiliza nyayo, na aliyenifundisha ni yeye. Kisigino, changarawe, kimya. Zilisimama! Zilisimama kwa muda wa mtu kuvuta pumzi ndefu na kuitoa. Deo akaita tena, "Koku yuko wapi?" Na Asimwe akajibu kwa sauti yake ile nzuri ya kapteni:

"Achia! Atatufuata."

Nyayo zikaenda.

Nilikaa nikimsubiri. Niliamini atarudi na kamba, au na mtu. Nilijipanga hata nitakavyomwambia pole kwa kuchelewesha gari. Mwanga wa ule ufa ulionekana juu kwa mbali, maana ulifika hata upande ule, na mimi niliuangalia ukihama kwenye ukuta. Nikaomba. Niliomba kama ninavyoomba siku zote, moyoni, bila kusogeza midomo. Nilimwambia Bwana samahani kwa usumbufu. Mnacheka, lakini ndivyo nilivyosema. Mguu umevunjika, niko chini ya ardhi, nami namwomba Mungu radhi kwa kumsumbua.

Na hakuna aliyekuwa ananitafuta. Hili nililijua baadaye. Mae alipika ebitoke, zile ndizi zetu, akijua niko Bukoba. Na Bukoba Asimwe alipoulizwa mwenzenu yuko wapi, alisema, "Koku ameona aibu, amerudi nyumbani." Wakaamini wote! Nani asingeamini? Koku ameona aibu. Ilikuwa sentensi rahisi kuliko zote. Kimya changu kilikuwa kimenizika kabla sijafa.

Ule mwanga ulikuwa umeshapita ukuta mmoja na kuanza mwingine niliposikia kitu juu. Kwaa. Kwaa. Kwaa. Udongo ukadondoka usoni. Ilikuwa mundu. Mtu anakata nyasi kwenye rweya, na anaimba peke yake, wimbo wa kukata nyasi, vibaya kabisa.

Nikasema, "Samahani."

Mundu uliendelea.

Nikasema, "Shikamoo." Mundu uliendelea, tena ukaanza kusogea mbali. Kwaa, kwaa, unaenda.

Ndugu zangu, Mungu anasikia hata kimya, sipingi, nimefundishwa hivyo Kipaimara. Lakini Ma Paskazia, yule mkata nyasi, hasikii kimya! Na Mungu alikuwa ameshanisikia tangu asubuhi, ndiyo maana alimtuma Ma Paskazia na mundu wake. Iliyobaki ilikuwa sehemu yangu. Kitu kilipanda kutoka tumboni, kikapita kooni kama mfupa, nikapiga kelele. "MAAAE!" Sikuijua sauti ile. Ilikuwa kama mbuzi, kama honi, popo wote wakatoka. Nikapiga tena na tena.

Mundu ukaanguka. Na nyayo zikakimbia.

Mama wa watu alikimbia! Nami simlaumu, kama ardhi ingekuita wewe ungefanyaje? Lakini pale chini nilikufa mara ya pili. Halafu nyayo zikasimama. Kisigino, majani, kimya. Nikasema moyoni, hizi nazo nazijua, zitakwenda kama zile.

Zikarudi! Haleluya! Ndugu zangu, zilirudi, taratibu, moja moja, mpaka kwenye ufa, na kivuli cha kichwa kikaziba mwanga.

"Wewe uliye chini!" akasema. "Kama ni mzimu, mimi sina ugomvi na wewe."

"Si mzimu, waitu! Ni mtu!"

"Mizimu yote inasema hivyo. Ongeza sauti, sikio langu moja halifanyi kazi."

Mnaona Bwana alivyo? Mtu pekee aliyemtuma kwangu, mimi Koku, ni mtu asiyesikia vizuri!

"Mimi ni Koku!"

"Akina Koku wamejaa Muleba nzima. Wa nani?"

"Wa Ta Kamugisha! Nyuma ya soko!"

"Na babu yako?"

"Bitegeko!"

"Bitegeko yupi? Yule aliyekuwa na ng'ombe au yule mwongo?"

"Wa ng'ombe, waitu!"

"Mwiko wenu?"

"Pongo! Sisi hatuli pongo!"

"Sijasikia!"

"HATULI PONGO!"

Nilitangaza ukoo wangu wote ndani ya mwamba ule. Mimi niliyeogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni! Ma Paskazia akafikiri kidogo, akasema mzimu hauna mwiko, unakula chochote, kwa hiyo pengine mimi ni mtu. Lakini akataka kuhakikisha. Akafungua pindo la kitenge chake, akadondosha kwenye ufa matunda ya kahawa ya kutafuna. "Tafuna nisikie," akasema, kama vile angesikia. Nililipapasa moja gizani, nikalitafuna, punje zote mbili. Sikumgawia mtu.

"Mbwenu nakwenda kuita watu," akasema. "Sali rozari mpaka nirudi."

"Mimi ni Mlutheri!"

"Aaa! Basi sali hizo zenu, lakini kwa sauti! Nyasi hizi ni ndefu, ukinyamaza hili shimo nitalipoteza. Usinyamaze, mwanangu. Ukinyamaza umekwisha."

Usinyamaze. Tangu nizaliwe, hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia neno hilo.

Basi sikunyamaza. Niliimba nyimbo zote za kitabuni kwetu ninazozijua, na nisizozijua nikatunga. Nilipiga kelele majina ya mito na maziwa ya jiografia. Nilipiga kelele majibu ya hesabu niliyoyafuta kwa mate. Na nisiwafiche, nilipiga kelele jina la Asimwe pamoja na maneno ambayo Mchungaji amenishauri nisiyasome hapa. Bwana aliyasikia, na hakuniangushia mwamba kichwani.

Watu walikuja wengi, wakapitia ule mlango wa chini, wanafuata sauti. Tata alikuwa mbele. Mniruhusu niseme na hili, Tata, uko hapo na nimekuomba ruhusa. Alisimama mlangoni mwa pango, akasikiliza, akawaambia watu, "Hiyo si sauti ya mwanangu. Sauti ya mwanangu naijua."

Alikuwa haijui. Hakuwahi kuisikia.

Ma Paskazia akamwambia, "Kamugisha, pongo mnakula ninyi au hamli? Ingia, mwanamume wewe!" Akaingia. Walinitoa kwa ngazi ya kuchumia parachichi, wakanifunga juu yake kwa vitenge. Nilipotoka nje jua lilikuwa bado lipo, nami bado naimba, nimeshindwa kuacha, mpaka Mae akaniwekea mkono mdomoni akilia.

Jioni ile ile timu ilishinda Bukoba. Ilishinda kwenye uwanja wa mapango. Binamu yake Deo alicheza nafasi yangu, akawa chambo, na wakamwachia kwa wakati wake. Nimeiona picha. Asimwe amecheka mpaka gego la mwisho linaonekana.

Nililazwa, nikafungwa vyuma, halafu nikakaa kwa shangazi yangu pale Nyanga ili kliniki iwe karibu. Deo alikuja na mama yake, akalia, akaniambia alimuuliza Asimwe na akajibiwa Achia. Nilimwambia najua, nilisikia. Asimwe alikuja mwisho, na chupa ya juisi ya pasheni. Akakaa ukingoni mwa kiti. Akasema, "Ulinyamaza, Koku. Sheria si unaijua? Nilijua uko salama."

Nikamuuliza, "Nyayo zako zilisimama. Zilisimama kwa nini?"

Akaangalia dirishani, kwenye mibuni ya shangazi. "Wewe unaongea kidogo kila siku," akasema. "Mtu atajuaje?"

Shangazi akaingia na chai. Asimwe akasema ana haraka.

Tangu hapo watu wema wamenijia. Mama mmoja wa hapa kanisani, simtaji, aliniambia, "Mkumbatiane mbele ya usharika, itapendeza." Itampendeza nani, mama? Sijamsamehe. Naomba kila siku Bwana anipe moyo huo, na bado hajanipa, na mimi sitasimama mbele yake hapa nikasema amenipa. Nikidanganya kwa sauti hii mpya, si afadhali angeniacha na ile ya zamani?

Karatasi hii nilimpelekea Asimwe aisome kabla yenu. Sikutaka asikie kwa watu. Aliirudisha kwa mkono wa mdogo wake, bila neno hata moja. Mara ya kwanza katika maisha yake Asimwe amenyamaza. Lakini leo amekuja. Yuko benchi la dirishani, msigeuke, tafadhali, mimi najua inavyouma watu wakigeuka. Amekuja, na hilo nimeliona, na nimeliandika.

Sasa nimshukuru Bwana. Namshukuru kwa mguu uliobaki na kwa huu unaopona. Namshukuru kwa Ma Paskazia, Mkatoliki aliyekubali kuja kukaa mbele kabisa kwa Walutheri leo, ili asikie kwa sikio lake zima. Simama, Ma Paskazia, wakuone! Aliogopa, akakimbia, halafu akarudi. Bwana wangu nilimwona kwenye kule kurudi. Nilifundishwa kwamba Mungu yuko mbinguni, mimi nilimsikia kwenye nyasi, ana kisigino kizito na anakanyaga taratibu.

Na wewe uliyekaa hapa ukiwa chini ya kitu, nyumbani, shuleni, popote, nawe umeambiwa kimya ni salama. Si kweli! Waliotuambia hivyo walitaka kusikia vitu vingine. Mtegemee Bwana, halafu fungua mdomo. Hatakukemea kwa sababu ya sauti mbaya, yangu ilikuwa ya mbuzi. Taja ukoo wako, taja unapoumia, piga kelele mpaka mtu mwenye sikio moja akusikie. Na wewe uliye juu, unayetembea na haraka zako: siku nyayo zako zikisimama bila wewe kupenda, ndugu yangu, rudi. Rudi hata kama gari linapiga honi.

Nimemaliza. Nashuka sasa, na magongo haya yanapiga kelele sakafuni, mtanivumilia. Kwenye timu yetu ukimaliza kuongea unafunga maiki. Hii ya kanisa siifungi. Asimwe, naiweka hapa mezani, inawaka. Sitaki unikumbatie. Nataka unijibu kama ulinisikia.

Bwana na asifiwe, kwa sauti.